Kwa nini shaba ya kwenye kompyuta ni imara kuliko shaba halisi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa fizikia. Nimeiga kwenye kompyuta kipande cha shaba chenye atomu 500,000 kwa programu ya LAMMPS, nikakivuta kikarefuka kwa asilimia 10 ndani ya pikosekunde 100. Kilihimili gigapaskali kadhaa kabla ya kuachia. Vitabu vinasema shaba laini huanza kurefuka bila kurudi kwenye makumi machache tu ya megapaskali. Nimeambiwa dawa yake ni uigaji wa ngazi nyingi. Nimekosea wapi? Hizo ngazi nyingi ni nini zaidi ya kutafuta kompyuta kubwa? Na nikishaziunganisha, nitajuaje kwamba jibu si la kubuni?

Jibu: Marahaba. Hujakosea popote. Umepata jibu sahihi la swali ambalo hukukusudia kuliuliza. Ulichopima ni uimara wa fuwele ya shaba isiyo na kasoro hata moja, tena ikivutwa kwa kasi ambayo mashine ya kawaida ya maabara haiisogelei. Hayo ni mambo mawili, na kila moja peke yake linatosha kuvuruga ulinganisho wako na kitabu.

Tuanze na ukamilifu wa fuwele. Mwaka 1926 Yakov Frenkel alipiga hesabu ya mkazo unaohitajika ili tabaka moja la atomu liteleze lote kwa mpigo juu ya tabaka lililo chini yake. Alichopata ni moduli ya mtelezo ya metali husika, yaani kipimo cha jinsi inavyokinza kutelezeshwa, ikigawanywa kwa mara mbili ya pai. Kwa shaba, ambayo moduli yake ni karibu gigapaskali 48, hiyo ni takriban gigapaskali 7.6. Hesabu makini zaidi zilizofuata ziliishusha namba hiyo, lakini ilibaki kwenye gigapaskali. Fuwele safi za shaba maabarani, kwa upande wao, huanza kuteleza kwenye megapaskali moja hivi, au chini ya hapo. Tofauti ya mara maelfu haiwezi kuitwa kosa la kipimo.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1934 kutoka kwa watu watatu waliofikiri kila mmoja kivyake: Egon Orowan, Michael Polanyi na G. I. Taylor. Walisema tabaka halitelezi lote kwa mpigo. Ndani ya fuwele kuna mistari ambako safu ya atomu imekatikia njiani, na mtelezo huenea kwa mstari huo kuhama hatua moja baada ya nyingine, kama mtu anayesogeza mkeka mpana kwa kuukunja upande mmoja, kisha kuusukuma mkunjo hadi utokee upande wa pili. Mstari huo ndio dislokesheni. Kwa zaidi ya miaka 20 uliishi zaidi kwenye karatasi, mpaka mwaka 1956 Hirsch, Horne na Whelan, wakiwa Cambridge, walipoiona mistari yenyewe ikitembea ndani ya alumini chini ya hadubini ya elektroni.

Sasa kiangalie kipande chako. Atomu 500,000 za shaba ni mchemraba wenye upande wa nanomita 18. Shaba iliyopashwa moto ikaachwa ipoe taratibu inaweza kuwa na mita 10¹² za dislokesheni katika kila mita ya ujazo. Yaani kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni kama mikromita moja. Ukikata vichemraba vya ukubwa wa kipande chako kutoka kwenye shaba hiyo, bila kuchagua mahali, itakubidi ukate kama elfu tatu ndipo ukutane na kimoja chenye mstari ndani yake. Kwa hiyo kipande chako hakina ubaya wowote, ila hakina haki ya kuisemea waya nzima. Na kuna ushahidi wa maabara unaokuunga mkono: mwaka huohuo wa 1956 S. S. Brenner alichapisha vipimo vya nyuzi za fuwele nyembamba mno, karibu hazina kasoro, na za shaba zilifika karibu gigapaskali 3. Shaba hiyohiyo, bila mistari, inakuwa kitu kingine kabisa.

Jambo la pili ni muda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Wewe umerefusha shaba kwa asilimia 10 ndani ya pikosekunde 100. Maabara hufanya kazi hiyo kwa sekunde 100 hivi. Uwiano ni trilioni moja. Ukimpa mtu kompyuta kubwa mara elfu, ataongeza atomu mara elfu bila shida kubwa, kwa kuwa kazi ya nafasi inagawanyika: kila kichakataji kinashika pembe yake ya fuwele. Muda haugawanyiki hivyo. Hatua ya pili inaisubiri ya kwanza, na hatua yenyewe ni lazima iwe femtosekunde moja au zaidi kidogo, maana atomu hutikisika mara trilioni kadhaa kwa sekunde na huwezi kuruka mtikisiko bila hesabu kulipuka. Hatua milioni moja ni nanosekunde moja tu.

Hata huo ukubwa, tusiudharau. Shaba ya milimita moja ya ujazo ina atomu kama 8.5 × 10¹⁹. Kuhifadhi mahali zilipo tu, namba tatu kwa kila atomu, kunahitaji terabaiti bilioni mbili, na bado hujasogeza hata moja. Lakini muda ndio ukuta halisi. Chukua kasoro ndogo kuliko zote, pengo: mahali ambapo atomu ingepaswa kuwapo na haipo. Pengo huhama pale atomu ya jirani inapoliruka na kuacha pengo jipya nyuma yake. Katika shaba ruko hilo lina kizingiti cha nishati cha takriban elektronivolti 0.7. Kasi ya kuruka ni mara 10¹³ kwa sekunde, mara eksponenti ya hasi ya kizingiti kikigawanywa kwa nishati ya joto. Kwenye kelvini 300 nishati ya joto ni elektronivolti 0.0259, na ukipiga hesabu unapata miruko kama 17 kwa sekunde kuelekea jirani mmoja. Kwetu hiyo ni kasi nzuri. Kwa mienendo ya molekuli, yaani uigaji wa aina yako unaosogeza kila atomu hatua kwa hatua, ruko moja ni hatua karibu trilioni 60. Kompyuta inayopiga hatua 1,000 kwa sekunde ingelisubiri miaka kama 1,900.

(Wapo waliojaribu kuugawa muda kwa werevu. Arthur Voter wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alionyesha mwaka 1998 kwamba unaweza kuendesha nakala nyingi za mfumo mmoja sambamba, zote zikisubiri tukio adimu, na ya kwanza kulipata inazisimamisha nyingine. Muda wa nakala zote unajumlishwa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha njia ya kuinua sakafu ya mabonde ya nishati ili miruko iharakishwe. Njia hizi ni nzuri kwa mifumo midogo yenye matukio machache, na huchoka haraka mfumo unapokuwa na kizingiti kidogo kila kona.)

Hapo ndipo maana ya ngazi nyingi inapoanza. Usiifikirie kuwa ni kuongeza vitu. Kila ngazi inapatikana kwa kuamua kusahau kitu, na kubaki na namba chache zinazobeba athari ya kile kilichosahauliwa. Chini kabisa kuna elektroni. Nadharia ya funksheni ya densiti, ile ya herufi DFT iliyojengwa na Hohenberg, Kohn na Sham mwaka 1964 na 1965, inatoa nishati ya atomu mia au mia chache kwa usahihi mzuri, lakini gharama yake hukua kwa kipeo cha tatu: ukizidisha atomu mara kumi unalipa mara elfu. Ukizisahau elektroni na kuweka badala yake fomula ya kani kati ya atomu, yaani potenshali, unafika kwenye mienendo ya molekuli, ulipo wewe sasa. Ukiisahau mitikisiko na kubaki na miruko tu, unafika kwenye Monte Carlo ya kinetiki. Ukizisahau atomu kabisa na kubaki na mistari, unafika kwenye mienendo ya dislokesheni. Ukiisahau hata mistari na kubaki na msongamano wake, unafika kwa wahandisi, kwenye elementi zenye kikomo, njia ya kukigawa kitu vipande vidogo na kukokotoa mkazo wa kila kimoja.

Swali la kuuliza kwenye kila daraja ni lilelile: nimesahau nini, na kile nilichobeba kinatosha?

Nichukue Monte Carlo ya kinetiki kwanza. Huko chini, kwa DFT, unaunda sanduku la atomu 108 za shaba, unaondoa moja, kisha unatafuta njia rahisi kuliko zote ya jirani kuingia pengoni. Njia ya herufi NEB hufanya kazi hiyo vizuri. Unapata kizingiti. Unapanda juu na orodha ya vizingiti, na kompyuta sasa hairuki tena femtosekunde kwa femtosekunde, inaruka kutoka tukio hadi tukio. Dakika na hata miaka ya mwendo wa kasoro inafikika.

Ila kuna mtego wa kwanza: kizingiti kimekaa ndani ya eksponenti. Ukikosea elektronivolti 0.1, kosa ambalo DFT inaweza kulifanya bila aibu, kwenye kelvini 300 kasi inabadilika karibu mara 50. Kosa hilo kwenye kelvini 1,000 lingekuwa la mara tatu tu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha uigaji wa kasoro kwenye joto la chumba wenye tarakimu tatu za usahihi, muulize kizingiti chake kina shaka kiasi gani. Binafsi siamini matokeo yoyote ya aina hiyo ambayo hayajaendeshwa upya kwa vizingiti vilivyosogezwa juu na chini kidogo. Ni kazi ya siku moja kwa kompyuta, na inaeleza mengi kuliko kurasa za grafu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haujitangazi. Monte Carlo ya kinetiki hufanya tu yale uliyoyaandika kwenye orodha. Kwa muda mrefu watu walidhani atomu moja iliyokaa juu ya uso wa fuwele husogea kwa kurukaruka juu ya uso. Mwaka 1990 Peter Feibelman alionyesha kwa hesabu za elektroni kwamba juu ya uso mmoja wa alumini njia rahisi ni nyingine: atomu inazama usoni, na ile iliyokuwa chini inachomoza badala yake. Aliyeandika orodha yake bila tukio hilo angepata mfumo safi, unaokwenda vizuri, na usio wa alumini.

Kazi ninayopenda kuwaonyesha wanafunzi kama kielelezo cha daraja lililojengwa vizuri ni ya Chu-Chun Fu na wenzake nchini Ufaransa, iliyotoka mwaka 2005. Maabara zilikuwa zimepiga chuma kwa elektroni kikiwa baridi sana, hivyo kukijaza mapengo na atomu zilizojibana mahali pasipo pake, kisha zikakipasha joto polepole huku zikipima ukinzani wake wa umeme. Ukinzani hushuka kwa ngazi: kasoro moja inaamka na kuhama, inakutana na mwenzake, zote mbili zinapotea; halijoto ikipanda zaidi nyingine inaamka. Fu na wenzake walipata vizingiti kwa DFT, kama elektronivolti 0.34 kwa atomu iliyojibana na 0.67 kwa pengo, wakaongeza vikundi vidogo vya kasoro, wakaviingiza vyote kwenye Monte Carlo ya kinetiki, na ngazi zikajitokeza kwenye halijoto zinazolingana na zile za maabara. Tena ilibidi waruhusu vikundi vidogo vya mapengo navyo vihame, jambo ambalo wengi hawakuwa wameliweka kwenye orodha zao. Jaribio hilo ni kali kwa kuwa ngazi ni nyingi: huwezi kuzipata zote mahali pake kwa kurekebisha namba moja.

Turudi kwenye shaba yako, ambako kasoro inayotuhusu ni mstari. Hapa kinachobebwa kutoka ngazi ya atomu si kizingiti kimoja. Ni moduli za unyumbufu, ni urefu wa hatua moja ya mtelezo, ambayo kwa shaba ni nanomita 0.256, ni namna mstari unavyokinzwa na mitikisiko ya atomu unapokwenda mbio, na ni kanuni za mistari miwili inapokutana: lini inafutana, lini inafungamana, lini mmoja unahama kutoka bapa moja la mtelezo kwenda jingine. Hilo la mwisho linategemea sana jambo dogo. Dislokesheni ya shaba haikai kama mstari mmoja. Hupasuka ikawa miwili, na kati yao kunabaki utepe ambao tabaka zake zimepangika visivyo. Gharama ya utepe huo ni kama milijuli 45 kwa mita ya mraba. Kama potenshali yako inasema 20, utepe utakuwa mpana mno, mistari itashindwa kubadili bapa, na kila kitu utakachopandisha juu kitakuwa na kosa ambalo ngazi ya juu haina macho ya kuliona. Kabla ya kuvuta chochote, kokotoa gharama hiyo kwa potenshali yako. Ni hesabu ya dakika chache.

Katika chuma hali ni ngumu zaidi. Dislokesheni ya skrubu, ile ambayo mstari wake uko sambamba na mwelekeo wa mtelezo, katika chuma ina kiini ambacho sura yake inaamua mkazo unaohitajika kuisogeza. Potenshali nyingi za zamani zilitoa kiini kilichotanuka kwenye bapa tatu. DFT inatoa kiini kilichojikusanya. Si suala la umbo tu, kwa sababu njia ya kutoka bonde moja la nishati hadi jingine inabadilika nayo: baadhi ya potenshali zilionyesha kilima chenye vichwa viwili, DFT ikaonyesha kimoja. Miaka ya kazi ilijengwa juu ya kilima kile cha vichwa viwili. Ndiyo maana nasema potenshali isiyopimwa kwenye kasoro ileile unayoichunguza haijapimwa, hata kama inatoa msongamano na halijoto ya kuyeyuka bila kosa.

Siku hizi utaambiwa utumie potenshali zilizofundishwa na mashine. Zilianza kushika kasi baada ya kazi ya Behler na Parrinello ya mwaka 2007, na ni hatua kubwa kwelikweli: unakaribia usahihi wa DFT kwa sehemu ndogo ya gharama yake. Zitumie. Lakini zinajua zilichofundishwa tu. Kama data ya mafunzo haikuwa na kiini cha dislokesheni wala pengo, zitakukisia namba kwa ujasiri uleule zinaokukisia fuwele kamili.

Mistari ikishakuwa na kanuni zake, mienendo ya dislokesheni inaweza kushika mikromita kadhaa za ujazo. Usifikirie ni kazi ndogo. Katika metali iliyofuliwa sana msongamano hufika mita 10¹⁵ za mistari katika kila mita ya ujazo. Hiyo ni kilomita milioni moja za mistari katika sentimita moja ya ujazo, zaidi ya kwenda Mwezini na kurudi. Kwa hiyo hata hapa unaiga punje chache, yaani fuwele ndogondogo zinazoijenga metali, na unachokipandisha juu ni uhusiano kati ya msongamano wa mistari na mkazo.

Uhusiano huo una umbo ambalo Taylor alilipata mwaka uleule wa 1934: mkazo wa mtelezo ni sawa na namba ya karibu 0.3, mara moduli ya mtelezo, mara urefu wa hatua, mara kipeuo cha pili cha msongamano. Weka namba za shaba. Kwa msongamano wa 10¹² unapata megapaskali 3.7 za mtelezo. Ukizidisha kwa 3 hivi, kwa sababu punje za waya zimeelekea kila upande, ni kama megapaskali 11 za kuvuta. Kwa 10¹⁴ ni kama 113. Kwa 10¹⁵ inazidi 350. Ongeza kidogo kwa ajili ya mipaka ya punje inayozuia mistari, na uko kwenye makumi ya megapaskali kwa shaba laini na mamia kwa shaba iliyofuliwa, kama kitabu kilivyokwambia. Angalia ni nini kimetokea: gigapaskali zako hazikuhitajika popote. Kutoka ngazi ya atomu tumechukua moduli, hatua ya mtelezo na, ndani ya ile 0.3, nguvu ya fundo ambalo mistari miwili hulifunga inapokutana. Mkazo uliofika kileleni kwenye grafu yako haukupanda ngazi hata kidogo.

Hiyo ndiyo njia ya kupokezana: ngazi moja inamaliza kazi, inakabidhi namba, inaondoka. Ipo njia nyingine, ya kuendesha ngazi mbili au tatu kwa wakati mmoja ndani ya kipande kimoja. Tadmor, Ortiz na Phillips waliitoa njia yao mwaka 1996, ambamo karibu na kasoro kila atomu inahesabiwa na mbali nayo atomu chache zinawakilisha nyingine. Mwaka 1998 Abraham, Broughton, Bernstein na Kaxiras waliunganisha tatu katika ufa wa silikoni: elektroni kwenye ncha ya ufa, atomu kuizunguka, na elementi zenye kikomo mbali zaidi. Njia dada, ya kuunganisha elektroni na atomu katika molekuli za uhai, ndiyo iliyowapa Karplus, Levitt na Warshel Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2013.

Inavutia, na wanafunzi huikimbilia. Ushauri wangu ni kwamba usiiguse mpaka kazi yenyewe ikulazimishe, kama ncha ya ufa inavyolazimisha, kwa kuwa pale vifungo vya kemia vinakatika kwa sababu ya mkazo unaotoka mbali, na huwezi kutenganisha vitu hivyo viwili. Tatizo linakaa mpakani. Chukua fuwele kamili, isiyovutwa na yeyote, uiweke kwenye modeli ya ngazi mbili, upime kani kwenye kila atomu. Zinapaswa kuwa sifuri. Mara nyingi karibu na mpaka si sifuri: atomu inamhesabu jirani ambaye hamhesabu yeye, na inasukumwa na kani isiyokuwapo duniani. Kisha tuma wimbi dogo la sauti kutoka upande wa atomu. Kama mpaka unalirudisha, joto linajikusanya ndani ya eneo lako dogo na kasoro inachemka bila sababu. Mwisho sogeza dislokesheni kuelekea mpakani uone kama inapita. Katika modeli nyingi inakwama pale, inasukuma zinazoifuata nyuma, na wewe unaandika kwamba metali imekuwa ngumu.

Kuhusu kujua kama jibu ni la kweli, nakuonya dhidi ya kufurahia namba ya mwisho peke yake. Ile 0.3 na ule msongamano vinaweza kurekebishwa kimyakimya mpaka mkazo wowote upatikane. Modeli ya ngazi nyingi inapimwa katikati. Kwenye elektroni, linganisha vizingiti na vipimo vya mwendo wa kasoro. Kwenye mistari, linganisha msongamano na mpangilio wake na picha za hadubini. Badilisha halijoto na uone kama mwelekeo unafuata wa maabara bila wewe kugusa kitu. Ukubwa wa sanduku nao upimwe: sanduku linalojirudia pande zote humaanisha pengo lako linaziona nakala zake mwenyewe, na nishati ya kuonana huko hupungua kwa kipeo cha tatu cha upande wa sanduku. Kwa hiyo piga hesabu kwenye masanduku matatu uone inaelekea wapi.

Usidhani kasi ile ya asilimia 10 kwa pikosekunde 100 ni mbaya kila mahali. Nyutroni inapogonga atomu ndani ya metali, vurugu ya atomu zinazosukumana huzuka na kutulia ndani ya pikosekunde chache; pale mienendo ya molekuli iko nyumbani kwake, wala haihitaji radhi. Uigaji wa kwanza wa mionzi katika shaba, wa Gibson, Goland, Milgram na Vineyard kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, mwaka 1960, ulikuwa na atomu kama 500 na bado unasomwa.

Kwa kazi yako basi: acha kuvuta fuwele kamili. Pima kwanza moduli na gharama ya utepe kwa potenshali uliyonayo. Weka dislokesheni moja ndani ya sanduku, si kwa bahati bali kwa kuichora, kisha isukume kwa mkazo mdogo, wa makumi ya megapaskali, na upime kasi yake kwa mikazo mitano au sita na halijoto tatu. Katika shaba mstari huo hukinzwa na mitikisiko zaidi kuliko kusubiri kizingiti, kwa hiyo nanosekunde zinatosha na muda haukusaliti. Tumia OVITO, programu ya kuchora matokeo ya uigaji, kuuona mstari wenyewe badala ya kutazama atomu. Uhusiano huo wa mkazo na kasi ndio utakaoupeleka kwenye programu ya mienendo ya dislokesheni, na hapo utaanza kuongea na mhandisi. Zile gigapaskali usizitupe: ziweke kwenye tasnifu chini ya kichwa cha uimara wa fuwele isiyo na kasoro, na kando ya namba uandike kasi ya kuvuta.